Nilikuwa na kamera, sikuwa na picha ya baba

Na Mwandishi Wetu, Kampala

SIMU iliita saa 11 alfajiri, siku moja ya Machi mwaka 2012. Alikuwa kaka yangu kutoka Tororo, na hakuzunguka. "Mzee ametutoka," alisema. Tulinyamaza wote wawili kwa muda. Kabla ya kukata simu akakumbuka jambo moja: "Wewe ndiye mwenye kamera. Njoo na picha nzuri ya mzee, tutaiweka juu ya jeneza."

Niliwasha kompyuta kabla hata sijanawa uso. Wakati huo nilikuwa nimemiliki kamera kwa miezi 14 na nilikuwa na picha zaidi ya 4,000. Nilikuwa na machweo ya jua juu ya vilima vya Kampala, yaliyopigwa kutoka kwenye mnara wa msikiti mkuu wa Old Kampala. Nilikuwa na kongoti, wale ndege wakubwa wenye upara wanaokaa juu ya miti ya jiji letu, zaidi ya 300. Nilikuwa na maua, mawingu, matone ya mvua na paka wa jirani.

Picha za baba zilikuwa tano tu. Mbili zilikuwa na ukungu kwa sababu mkono wangu ulitikisika. Moja ilimkuta amefumba macho, tena nimemkata utosi. Mbili za mwisho nilizipiga akiwa ameketi mbele ya dirisha la sebuleni, na uso wake ulikuwa mweusi tii kama kivuli. Dirisha lilionekana vizuri sana.

Niliikimbiza moja ya hizo mbili kwa fundi wa picha mjini. Alijitahidi kuuongezea uso mwanga, lakini kilichojitokeza kilikuwa kijivu chenye chengachenga, si uso wa mtu. Nilikuwa nikipiga kwa faili za JPEG, ambazo kamera huzibana na kutupa sehemu ya taarifa, hivyo hapakuwa na cha kuokoa. Nilipanda basi kwenda Tororo mikono mitupu. Tulimzika baba kwa picha iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho chake cha pensheni, ikiwa na alama ya muhuri begani.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi hata mfinyanzi sikuwa. Nilikuwa mtu mwenye udongo tu.

Kamera ya mkono wa pili

Ndugu msomaji, niseme kwanza jinsi nilivyoipata kamera hiyo. Kazi yangu ni uhasibu. Mwishoni mwa mwaka 2010 mfanyakazi mwenzangu alikuwa akihama, akauza vyombo vyake, na kati yake kulikuwa na Nikon D40, kamera iliyoingia sokoni mwaka 2006 ikiwa na megapikseli 6. Hata wakati ule ilikwishapitwa na wakati. Nililipa kwa awamu tatu.

Kosa langu la kwanza ni kuamini kwamba kamera kubwa hupiga picha kubwa. Niliiweka kwenye alama ya kijani, ile inayoiachia mashine iamue kila kitu, nikawa natafuta vitu vizuri vya kuelekezea lenzi. Jua likizama vizuri, picha ilikuwa nzuri. Nikajiona fundi. Sikujua kwamba uzuri ule ulikuwa wa jua, si wangu.

Baada ya mazishi sikuigusa kamera kwa miezi mitatu. Nilifikiria kuiuza. Ni mke wangu aliyeniambia neno lililonikaa: "Ukiiuza sasa, mama naye utampiga kwa nini?" Mwezi Julai mwaka ule nikajiandikisha katika darasa dogo la Jumamosi huko Wandegeya, katika chumba cha kupanga juu ya duka la vifaa vya shule. Tulikuwa wanafunzi saba: mwuguzi, fundi cherehani, wanafunzi wawili wa chuo, mwalimu wa msingi, kijana wa bodaboda na mimi. Mwalimu alikuwa mzee aliyewahi kuendesha studio ya picha tangu miaka ya 1970. Sote tulimwita Mzee.

Yai na kipande cha mkaa

Siku ya kwanza nilitarajia kufundishwa namna ya kupiga sura za watu. Mzee alitoa mfukoni yai moja na kipande cha mkaa. Yai akaliweka juu ya kitambaa cheupe, mkaa juu ya kitambaa cheusi. Akatuambia tupige vyote viwili, kamera zikiwa zinaamua zenyewe.

Tulipozitazama picha, yai lilikuwa la kijivu na mkaa nao ulikuwa wa kijivu.

"Kamera haijui yai wala mkaa," alisema. "Inapima mwanga ulio mbele yake na kuusogeza wote uelekee kijivu cha katikati. Ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, ikiona weusi mwingi inaongeza. Asiyejua hilo atatawaliwa na mashine maisha yake yote."

Pale pale nikaelewa kilichompata baba. Dirisha nyuma yake lilikuwa na mwanga mkali wa saa 8 mchana. Kamera ilidhani dirisha ndilo jambo, ikapunguza mwanga, na uso wa mzee ukazama gizani. Ningemgeuza kidogo tu alitazame dirisha badala ya kulipa mgongo, au ningeiamuru kamera iongeze mwanga vipimo viwili, leo ningekuwa na picha. Lilikuwa suala la sekunde kumi.

Mzee alitueleza pia kwamba jambo hili lina historia yake. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi nyeusi haikuwa kipimo cha mtu yeyote. "Kwa hiyo sisi," alisema, "tusiseme kwamba mashine itajua. Sisi ndio tujue."

Wiki zilizofuata zilikuwa za hesabu, na hapo mhasibu nilifurahi. Picha inajengwa kwa mambo matatu: ukubwa wa tundu la lenzi, muda ambao shata inabaki wazi, na wepesi wa kamera kuuhisi mwanga, yaani ISO. Tundu lenye namba 2.8 linapitisha mwanga mara mbili ya lile lenye namba 4. Shata ya 1/60 ya sekunde inapitisha mara mbili ya ile ya 1/125. ISO 400 inahitaji nusu tu ya mwanga unaohitajika kwa ISO 200. Ukichukua huku, unalipa kule. Ni daftari la mapato na matumizi.

Picha 36 kwa wiki

Kanuni iliyoniuma zaidi ilikuwa hii: hakuna mwanafunzi kupiga zaidi ya picha 36 kwa wiki, idadi ya filamu moja ya zamani. Jumamosi unaleta tatu zilizosafishwa kwenye karatasi. Mimi niliyezoea kupiga kongoti mmoja mara 40 nilijiona nimefungwa kamba. Baada ya mwezi mmoja niligundua kwamba sasa nilikuwa nikitazama kabla ya kubonyeza.

Mzee aliniazima pia lenzi yake ya zamani ya milimita 50. D40 haina mota ndani yake ya kuzungusha lenzi za aina hiyo, kwa hiyo kila picha ilinibidi kulenga kwa mkono, polepole, mpaka jicho la mtu liwe kali. Pia lenzi ile haisogezi mbali karibu. Ukitaka sura ya mtu, unamwendea kwa miguu yako.

Kila wiki mbili alitupa somo jipya, na kila somo lilinivua nguo kwa namna yake. Katika kandanda, kwenye uwanja wa shule moja ya jirani, nilirudi na miguu isiyo na mpira na mpira usio na miguu, mpaka nilipopandisha shata kufikia 1/500 na kujifunza kulenga pale mpira unapokwenda, si ulipo. Kwa bodaboda ilikuwa kinyume: shata inashushwa hadi 1/30, nawe unamsindikiza dereva kwa kamera mwendo ule ule, ili yeye abaki wazi na barabara nyuma yake ikimbie. Nilifuta nyingi kabla ya kupata moja. Katika mwalo wa Ggaba, alfajiri samaki wanaposhushwa kutoka Ziwa Victoria, nilijifunza kwamba mwanga mzuri hudumu chini ya saa moja, na anayechelewa kuamka amekosa.

Kulikuwa na aibu pia. Binamu yangu aliniomba nipige harusi yake bure. Betri ilikufa wakati bwana harusi anainua mkono kuvishwa pete, nami nilikuwa sina ya akiba. Hadi leo binamu huyo akiniona huniuliza kama nimechaji.

"Umeniomba?"

Somo gumu kuliko yote halikuwa la mwanga. Mwaka 2013 Mzee alitutuma katika soko la Owino. Nilimwona mama mmoja akipanga nyanya, mwanga wa turubai jekundu ukimwangukia usoni. Nikainua kamera nikapiga. Alinitazama moja kwa moja, akaniuliza kwa Kiganda: "Kijana, umeniomba?" Wachuuzi wenzake wakasimama. Mmoja akasema watu kama mimi huja kuwapiga picha, kisha hao wanaopigwa hawazioni tena.

Sikuwa na jibu, kwa sababu alisema kweli. Nikaomba radhi, nikaifuta picha ile mbele yake, nikanunua nyanya nikaondoka. Jumamosi iliyofuata nilirudi bila kuinua kamera, nikanunua nyanya tena. Mara ya tatu nikaomba, akakubali, akajifunga kitambaa upya kwanza. Wiki moja baadaye nilimpelekea picha yake kwenye karatasi. Aliizungusha kwa wenzake meza kwa meza. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akinitambulisha: "Huyu ni wetu, yeye hurudisha."

Mzee alituonyesha kwamba mabingwa wa bara hili walilijua jambo hilo zamani. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alitumia mwanga wa jua, na kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitandani kwake. Mara nyingi alimpiga mtu picha moja tu. Kazi kubwa aliifanya kabla ya kubonyeza: kumkalisha mtu, kumgeuza uso, kumtuliza mikono.

Baadaye nilisoma kuhusu studio moja ya hapa hapa Uganda, Gulu Real Art Studio, ambayo mpiga picha Mwitaliano Martina Bacigalupo aliitengenezea kitabu mwaka 2013. Mashine ya picha za vitambulisho katika studio ile ilitoa nakala nne kwa pamoja, na wateja wengi hawakuhitaji nne. Hivyo mwenye studio alimpiga mteja picha ya kawaida, kisha akakata sura peke yake kwa ajili ya kitambulisho. Masalia yake yalikuwa watu walioketi kwa heshima, na tundu la mraba mahali pa uso. Nilipoziona nilimkumbuka baba. Gulu uso ulikwenda, mwili ukabaki. Kwetu uso ulibaki kwenye kadi ya pensheni, mtu mwenyewe akaenda.

Mama akataa

Baba alikuwa mtu wa reli. Alianza kazi enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977, na Kiswahili cha nyumbani kwetu kilitokana na kambi za reli alizopitia. Alipostaafu alirudi Tororo, karibu na ule mwamba mkubwa unaoonekana kabla hujaingia mjini. Mama aliendelea kuishi pale.

Desemba mwaka 2014 nilikwenda nikiwa na lenzi yangu mwenyewe ya milimita 50 na nia moja. Mama alikataa kabla sijamaliza kusema. "Sitaki. Ukiona mzee anatafutwa picha na wanawe, ujue wanaandaa ya jeneza."

Sikubishana naye. Ni sisi tuliomfundisha hofu hiyo, siku ile ya simu ya alfajiri. Asubuhi iliyofuata alipoketi mlangoni mwa jiko kuchambua karanga kwenye ungo, niliketi karibu naye, kamera ikiwa mapajani. Tukazungumza habari za ng'ombe, za shamba, za kaka. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu aliisahau kamera. Jua lilikuwa limepiga ua wa mbele, nao mwanga ukarudi laini usoni mwake, huku jiko nyuma yake likiwa giza. Nilikwishapima kabla: tundu 2.8, shata 1/125, ISO 400. Akainua uso kumwita mjukuu. Nilipiga nne tu.

Pasaka ya mwaka 2015 nilimpelekea moja, ukubwa wa karatasi ya daftari, ndani ya fremu. Aliishika muda mrefu. "Huyu mbona ni mama," alisema hatimaye. Bibi yetu alifariki bila kuacha picha hata moja, na mama alikuwa amemwona kwenye uso wake mwenyewe.

Kisha akaniuliza swali nililolikimbia kwa miaka mitatu: "Na zile ulizompiga baba yako siku ile ziko wapi?"

Nilimwonyesha kwa aibu. Niliruka zile mbovu tatu, nikafungua ya dirishani. Nikaanza kumweleza habari za mwanga na vipimo. Hakunisikiliza. Aliifuata ile sura nyeusi kwa kidole: kofia ikiwa juu ya goti, redio pembeni, kichwa kimeinama upande wa kushoto kama alivyozoea kusikiliza taarifa ya habari. "Huyu ndiye," alisema. "Ile ya kitambulisho ni ya serikali. Hii ni ya kwetu. Isafishe."

Niliisafisha. Imetundikwa sebuleni, kando ya dirisha lile lile.

Sisemi kwamba picha mbaya ni nzuri. Ningelipa chochote kuona macho ya baba katika picha ile, na najua ni uvivu wangu ulioyaficha. Lakini mama alinifundisha kitu ambacho darasani hatukukifika: nilikuwa nimeketi na baba siku ile, na kuketi kule kumeonekana. Katika kongoti 300 hakuna kilichoonekana.

Kwa anayetaka kuanza

Leo karibu kila mtu ana kamera ndani ya simu, na wengi huniuliza wanunue kamera ipi. Jibu langu ni kwamba waanze na waliyo nayo. Simu nyingi hukuruhusu kugusa uso wa mtu kwenye kioo na kuongeza mwanga kwa kidole. Fanya jaribio la yai na mkaa. Halina gharama, na mkaa hautaharibika.

Mgeuze mtu alitazame dirisha, usimpe dirisha mgongo. Mtoe juani saa 7 mchana, mweke kivulini mlangoni. Chagua jambo moja ulipige kwa wiki mbili mpaka likuchoshe, kwa sababu ni hapo unapoanza kuliona. Omba kabla ya kupiga, na ukiahidi picha, ipeleke. Tafuta mwalimu au mwenzako atakayekuambia ukweli. Sifa za marafiki hazijawahi kumfundisha mtu kulenga.

Zaidi ya yote, zisafishe kwenye karatasi. Simu huibiwa na kompyuta hufa. Nyuma ya kila picha andika jina, mahali na mwaka. Mimi kila Desemba nikiwa Tororo hutenga siku moja kwa wazee wa mtaani kwetu, bila malipo. Mwaka wa kwanza walikuja wawili. Sasa huketi kwenye benchi wakisubiri zamu, wamevaa makoti, na hakuna anayetaja jeneza.

Mama bado yupo. Nikifika hunipa kiti kile kile cha mlangoni pa jiko, lakini sasa ananiambia ningoje kwanza abadili kitambaa.